Malalamiko ya Marehemu Alier

Barua iliyomfikia Lokeno Jumatatu ile ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, na mstari wake wa kwanza ulisema: "Mimi Alier, mpiga ngoma wa kwaya na muuza samaki wa Kakuma, nalalamika kwamba sista Nyariek alinifanya maiti bila kuniuliza."

Lokeno aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaisoma tena. Katika miaka sita ya uwakili alikuwa amemtetea muuguzi aliyelala zamu, mfamasia aliyegombana na mkaguzi, na daktari wa meno aliyeng'oa jino zima akaliacha bovu. Kesi ambayo mlalamishi wake ni marehemu hakuwahi kuiona.

Kabla ya kuwa wakili alikuwa daktari, miaka kumi na mmoja, hapohapo Lodwar. Aliacha kwa sababu ambayo wagonjwa wake waliigundua kabla yake mwenyewe: alipenda kubishana. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma upande wa kulia, Lokeno alitaka kujua ana ushahidi gani. Siku mwenzake alipoitwa mbele ya baraza la leseni kwa ajili ya sahihi moja iliyokosekana, Lokeno alimsindikiza, akasimama nyuma ya ukumbi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametolewa nje mara mbili kwa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Mwaka uliofuata akaanza kusoma sheria.

Sasa alikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari, na kibao kilichosema yeye ni wakili wa wahudumu wa afya. Watu wa Lodwar walikisoma kibao, wakaelewa neno moja tu, afya. Kwa hiyo wateja wake walipanga foleni pamoja na akina mama waliomletea watoto wenye vipele. Mama yake mzazi, kule Nakalale, aliwaambia majirani kwamba mwanawe bado ni daktari, ila amepatwa na sheria, na ikimtoka atarudi hospitali.

Mchana uleule alimpigia simu Nyariek, muuguzi wa Kakuma aliyemtumia nakala ya barua hiyo kabla ya kufikishwa mbele ya baraza.

"Daktari," Nyariek alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajala, "ni kweli. Mimi ndiye niliyemuua."

"Sista, usiseme hivyo kwenye simu. Nakuja."

Alikwenda Kakuma kesho yake kwa gari la Abdinur, msafirishaji aliyempeleka kila mara kwa sababu hakuwa na haraka na alipenda kusikia kesi za watu. Magunia ya vitunguu yalijaa nyuma. Walipokuwa wameiacha Lodwar mbali, Abdinur aliuliza, "Huyo mtu wako amekufa au hajafa?"

"Kitabibu yu hai. Kisheria tutaona."

"Wallahi, wakili, hayo mambo mawili usiyatenganishe. Mimi wiki jana aliniuzia samaki. Walikuwa na mchanga, lakini alikuwa yeye. Maiti hauzi samaki."

Nyariek alimpokea mlangoni pa zahanati. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Jambo la kwanza alilomwonyesha ni leseni yake, ndani ya karatasi ya plastiki, kama mama anavyoonyesha picha ya mtoto. Aliisubiri miaka saba. Vyeti vyake vilipotea Juba, vikapatikana, vikapotea tena Nairobi, akarudia mitihani, akasubiri muhuri, na muhuri ulipokuja ulikuwa wa mtu mwingine.

"Sasa nieleze," Lokeno alisema. "Polepole."

"Tulikuwa na Alier wawili siku hiyo. Mmoja mzee sana, alifariki wodini asubuhi. Ndugu zake walimchukua wakamzika, hawakungoja kompyuta. Mwingine ndiye huyu wa kwaya. Alikuja na kikohozi, nikampa dawa, akaenda zake Kalokol, kule ziwani, kununua samaki. Umeme ukapotea mara tatu. Jioni nikafungua kompyuta, nikaona jina Alier, nikabonyeza."

"Ukabonyeza nini?"

"Amefariki."

"Na kompyuta haikukuuliza kama una hakika?"

"Iliuliza. Nikasema ndiyo. Hiyo kompyuta huuliza hivyo hata ukitaka kubadilisha tarehe."

Kompyuta ilifanya kazi yake. Ilituma salamu za pole kwa namba ya jamaa wa karibu, na Alier, ambaye hakuwa na jamaa Kakuma, alikuwa ameandikisha namba ya katibu wa kwaya. Simu ya Alier mwenyewe ilikuwa imezimika tangu alipofika ziwani. Kwaya ikaomboleza siku tatu. Jumapili ikafanya ibada ya kumkumbuka, na katikati ya ibada Alier akafika na gunia la samaki mgongoni, akasimama dirishani, akasikiliza.

"Na wewe ulijua lini?"

Nyariek alitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa ndani ya ibada, Daktari. Nasali kanisa hilo. Niliambiwa amekufa safarini, nikalia. Nililia sana. Sikujua kwamba ni mimi."

Tangu hapo rekodi haikuguswa, maana faili ambalo liko mbele ya baraza haliruhusiwi kurekebishwa mpaka baraza liamue. Kwa hiyo miezi mitatu sasa Alier alikuwa akienda sokoni, akipiga ngoma na kula ugali wake akiwa maiti.

Lokeno alimpa Nyariek ushauri ambao wakili mwenye busara angetoa: kiri kosa, omba radhi, eleza habari ya umeme. Nyariek alikubali. Wangeliishia hapo mambo yangekuwa mepesi. Lakini usiku, kwenye nyumba ya wageni, Lokeno alipata wazo, na wazo la kubishana lilimwasha mwilini kama upele. Asubuhi aliamka akiwa ameshaandika kurasa nne.

Kikao cha baraza la leseni kilifanyika asubuhi ileile kwenye ukumbi wa mabati karibu na soko. Wajumbe wa baraza walikuwa watatu, na ndege yao ilikuwa inaondoka saa nane. Mwenyekiti alikuwa Bi Chepngetich, mama mwenye uso mtulivu aliyewahi kuwa muuguzi kabla ya kuhamia ofisini. Kulia kwake aliketi mfamasia aliyekunywa maji bila kupumzika, na kushoto bwana mmoja aliyewakilisha wananchi na ambaye, kama wananchi wengi, hakuulizwa kitu.

Alier aliketi mbele na koti la bluu la kwaya, mwembamba, kichwa amekiinamisha upande. Abdinur alisimama mlangoni. Alisema anangoja vitunguu vishushwe, ingawa vilikuwa vimeshushwa jana.

Lokeno aliinuka. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina pingamizi la awali. Kwa mujibu wa rekodi ambayo baraza hili limeipokea, mlalamishi alifariki tarehe tisa mwezi wa tatu. Marehemu hawezi kuleta malalamiko. Naomba shauri litupwe."

Alier alimgeukia Abdinur. "Amesema nini?"

"Amesema umekufa," Abdinur alimjibu kwa sauti kubwa.

"Lakini hiyo ndiyo mimi nalalamika."

Lokeno alitegemea mwenyekiti akasirike kidogo, wabishane kidogo, kisha wakutane katikati. Bi Chepngetich hakukasirika. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole, akafunga.

"Wakili ana haki," alisema.

Lokeno akapekua kurasa zake nne kutafuta hoja inayofuata. Hakuzoea kuambiwa hivyo.

"Kanuni ya kumi na nne," mwenyekiti aliendelea, "inasema rekodi ya kitabibu husahihishwa na mhudumu wa tiba mwenye leseni hai, baada ya kumpima mhusika. Hatuwezi kumtazama tu mtu tukaamua kwamba yu hai. Huyu bwana apimwe kwanza. Akionekana hai, tutaendelea. Asipoonekana hai, wakili atakuwa ameshinda."

"Nani atampima?" mfamasia aliuliza, akashusha chupa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mfamasia alisema yeye huuza dawa, hapimi watu. Bi Chepngetich mwenyewe aliacha wodi miaka kumi na minane iliyopita. Daktari wa zahanati alikuwa amekwenda Lowarengak kwenye chanjo, na simu yake iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano na nusu.

Lokeno hakuweza kujizuia. "Mimi ni daktari."

"Wewe ni wakili wa mlalamikiwa."

"Kupima mapigo ya moyo hakuna upande, mheshimiwa. Mapigo yapo au hayapo."

"Leseni yako iko wapi?"

Aliitoa kwenye pochi kwa madaha, akaipeleka mezani. Bi Chepngetich aliigeuza mbele na nyuma, akamwonyesha mfamasia, mfamasia akamwonyesha mwakilishi wa wananchi, na huyo ndiye aliyetabasamu wa kwanza.

"Wakili, leseni hii imekufa miaka minne iliyopita."

Lokeno aliichukua akairudisha mfukoni. Miaka minne yote alikuwa akikimbia huku na huku kutetea leseni za wenzake, na yake ilimpotea kama mbuzi wa mtu mwenye mbuzi wengi. Aliketi. Masikio yalimchoma. Alipomtazama Nyariek, aliona kwamba hamwonei hasira bali huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sista Nyariek," mwenyekiti alisema baada ya kufikiri. "Leseni yako imesimamishwa?"

"Bado, mama. Si kikao hiki ndicho kitakachoamua?"

"Basi mpaka dakika hii iko hai. Humu ndani ni wewe tu mwenye leseni hai ya kutibu. Mpime."

Alier alipoelezwa, mara mbili, alisimama. "Hapana. Huyu ataniua tena."

"Tutakuwa tunatazama," Bi Chepngetich alimhakikishia.

Nyariek alinawa mikono kwa maji ya chupa ya mfamasia. Kwenye mkoba wake mlikuwa na vyombo vyote, maana hakuwa mtu wa kwenda popote bila vyombo. Mwanzoni alivipanga mezani, akavipanga upya. Alipokishika kifundo cha mkono cha Alier na kuanza kuhesabu, akasahau kwamba anatazamwa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini angeliona badiliko lile, na Lokeno aliliona: mabega yakashuka, uso ukaingia kazini.

"Mapigo sabini na sita," alisema. Mfamasia akaandika. "Presha iko sawa. Fungua mdomo. Sema aa."

"Aaa."

"Anapumua," alisema mwakilishi wa wananchi, akiwa amepata kitu cha kuchangia.

Ingelitosha. Lakini Nyariek alikuwa amechoka kuitwa mzembe, akaamua hakuna atakayesema aliruka kiungo. Alimtazama macho, akamgonga magoti, akambonyeza tumbo, akamwuliza mara ya mwisho alikwenda choo lini, na Alier, mbele ya baraza zima, akajibu. Kisha alimulika sikio la kulia, akatikisa kichwa kuridhika. Akamulika la kushoto, akalimulika tena.

"Alier, unanisikia vizuri upande huu?"

"Nini?"

Alichukua kibano. Alivuta polepole, huku Alier akiwa ameng'ata kola ya koti, na kitu kikaanza kutoka, cheusi, kirefu, kikaendelea kutoka baada ya watu kudhani kimekwisha. Alikiweka juu ya karatasi mbele ya baraza. Kilikuwa pamba. Mfamasia alisogeza chupa yake mbali.

Kila aliyekuwemo ukumbini alikuwa na usemi uleule kwenye ncha ya ulimi, ule wa watu watiao pamba masikioni, na kwa heshima ya kikao hakuna aliyeusema. Mwakilishi wa wananchi ilibidi afunike mdomo kwa leso.

Alier alikaa wima. Alitazama juu, kwenye feni, kana kwamba imewashwa sasa hivi. "Hii kitu inapiga kelele hivi siku zote?" Kisha akagusa sikio. "Ni ya Krismasi. Mimi hutia pamba nikipiga ngoma kubwa. Nilidhani nilitoa."

"Ndugu Alier," Lokeno alisema taratibu, na safari hii hakuwa anatafuta kushinda, alitaka tu kujua. "Kilichokuumiza hasa ni nini? Ni ile kompyuta?"

"Kompyuta haijui mimi. Nimeumia kwa ibada. Nimesimama dirishani, nasikia mkatekista anasema mbele ya watu yote, Alier alikuwa mwizi hodari. Mimi. Sijaiba hata mwiba wa samaki. Na watu wanasema amina."

"Kwa nini basi hukuwashtaki kwaya?"

"Kwaya haina leseni," Alier alisema. "Utawanyang'anya nini?"

Nyariek alikuwa bado ameshika kibano. "Hakusema mwizi," alisema. "Mimi nilikuwa benchi ya pili. Alisema mwimbaji. Alikuwa mwimbaji hodari."

Alier alimtazama. "Sema tena."

"Mwimbaji hodari."

"Sema huku." Akamgeuzia sikio la kushoto.

Nyariek aliinama akalisema tena, sikioni. Kisha, kwa kuwa Alier hakuondoa sikio, aliendelea kumwambia mengine: kwamba mkatekista alisema hakuchelewa mazoezini hata siku ya vumbi kubwa, kwamba mama mmoja Mkongo alisimama akasema ni Alier aliyembebea mtungi wake mwezi wote aliojifungua, kwamba ngoma yake ilifunikwa kwa kitambaa cheupe na hakuna aliyetaka kuigusa, mpaka ikabidi mtu ailazimishe mikono yake kuishika. Bi Chepngetich aliacha kuangalia saa.

"Na watu walilia?" Alier aliuliza.

"Walilia."

"Wewe?"

"Mimi nilitolewa nje kwa kulia."

Alier alivuta pumzi, na machozi yakamteremka akayaacha yateremke. Alisema anataka kuondoa malalamiko yake.

"Huwezi haraka hivyo," Bi Chepngetich alisema. "Umethibitishwa kuwa hai dakika tano zilizopita. Ndiyo kwanza umepata haki ya kulalamika."

"Na haki ya kuacha nimepata pia?"

Mwenyekiti alifungua kitabu cha kanuni, akatafuta, akakifunga. "Pia."

Uamuzi ulisomwa saa saba na robo. Sista Nyariek alipewa onyo la maandishi kwa kutohakiki jina, na siku mbili za mafunzo ya kutunza rekodi. Leseni yake ingebaki. Rekodi ya Alier irudishwe kuwa ya mtu hai ndani ya siku saba. Wajumbe waliondoka mbio kuiwahi ndege, na mfamasia aliisahau chupa yake kwa makusudi.

Nje, Lokeno alimwita Nyariek pembeni. "Sista, nisamehe. Ule ushauri wa kwanza ndio uliokuwa mzuri. Nilitaka kuonekana hodari, kidogo nikuponze."

"Kidogo," Nyariek alikubali. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa miezi mitatu, mpaka ikabidi ajishike kwenye gari la Abdinur. "Daktari, kesho nenda ukaifufue leseni yako. Mimi siwezi kukupima."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kompyuta. Walikwenda zahanati wote wanne, maana Abdinur alikataa katakata kubaki garini. Nyariek alifungua faili, akatafuta mahali pa kufuta kifo. Hapakuwepo. Alimpigia simu fundi wa kompyuta kule Lodwar, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Mtu akishafariki, mfumo haumrudishi," fundi alisema. "Hakuna aliyewahi kuomba."

"Baraza limeagiza."

"Mfungulie faili jipya."

Nyariek alijaribu. Kompyuta ilikataa tarehe ya kuzaliwa ya Alier, ikisema mtu huyo ni marehemu. Alijaribu kuandika tarehe inayofuatia hiyo, ikakataa. Fundi alisema tarehe pekee ambayo haitagongana na ya marehemu ni ya leo. 

Kwa hiyo Alier aliandikishwa kuwa amezaliwa siku hiyo, saa tisa kasoro, katika zahanati ile, mkunga akiwa Nyariek. Kompyuta ilitaka uzito. Alipanda mizani na viatu: kilo sitini na moja. Kompyuta ikauliza kama mtoto alilia baada ya kuzaliwa. Nyariek alimtazama Alier, ambaye kope zilikuwa bado zimelowa, akabonyeza ndiyo. Iliuliza kama ana hakika. Safari hii aliisoma mara tatu, akasoma jina herufi kwa herufi, ndipo akabonyeza.

Wiki sita baadaye Lokeno alikuwa ofisini, anamweleza mama mmoja kwamba yeye hatibu watoto huku amemshika mtoto wake mdomo wazi, simu yake ilipoita. Alikuwa Nyariek.

"Wakili, nahitaji ushauri wa sheria. Kompyuta imemtumia ujumbe katibu wa kwaya, kwamba mtoto Alier aletwe kwa chanjo ya wiki sita."

"Mwambie asije."

"Ameshakuja. Yuko hapa kwenye foleni na akina mama, namba nne. Amevaa koti. Amembebea mama mmoja mtoto wake, na mtoto amelala kabisa." Nyariek alishusha sauti. "Anauliza kama yale matone ni matamu."